Saketi Imegoma Kwenye Bredibodi: Namna ya Kutafuta Hitilafu Hatua kwa Hatua

Jana ilifanya kazi, leo imegoma. Skrini inawaka bila maandishi, sensa inarudisha sifuri, na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ikivuta, bodi nzima inaanza upya. Wengi hapo hurudi kwenye kompyuta kubadilisha programu, na baada ya saa mbili wana makosa mawili badala ya moja. Programu haiozi usiku. Kama jana ilikuwa sawa na hujaigusa, iache kama ilivyo, ushike mita ya kupimia umeme.

Bredibodi, yaani ubao wa matundu wa kuchomekea saketi, haina lehemu. Kila unganisho ni kibanio kidogo cha chuma kinachoshika waya kwa nguvu ya springi tu, na hewa ya Mombasa ina unyevu na chumvi mwaka mzima. Nyumba ikiwa karibu na maji, iwe Nyali, Likoni au Mji wa Kale, miguu ya vifaa inayong'aa leo hufifia baada ya miezi michache, na jampa (nyaya fupi za kuunganishia) za bei nafuu hufanya kutu ya kijani pale waya unapoingia kwenye plastiki. Kutu hiyo si lazima ikate umeme kabisa. Huupunguza tu, na hapo ndipo hitilafu za ajabu zinapoanzia.

Mfano tutakaoufuata ni saketi ya kupima maji ya tangi, kwa kuwa maji ya mfereji huku huja kwa zamu na wengi wanaitengeneza: Arduino Uno (bodi ndogo inayoendesha programu), sensa ya sauti HC-SR04 (hupima umbali kwa mwangwi), skrini ya LCD ya herufi 16 kwa mistari 2 yenye kibao cha I2C (mawasiliano ya nyaya mbili, SDA na SCL) nyuma, baza (king'ora kidogo), kitufe, na moduli ya rilei ya kuwashia pampu. Ukiwa na saketi nyingine, mpangilio wa kazi ni huu huu.

Vya kuwa navyo mezani

Mita ya manjano ya bei nafuu inatosha, mradi iwe na mlio wa kupimia waya. Badilisha betri yake ya volti 9 kabla ya kuiamini: betri ikichoka, mita nyingi za aina hiyo huonyesha volti nyingi kuliko zilizopo, na utatangaza kuwa umeme uko sawa kumbe sivyo. Waya mweusi ukae tundu la COM, mwekundu tundu la VΩmA. Usipime volti kamwe waya mwekundu ukiwa kwenye tundu la 10A. Ndani ya tundu hilo mna kipande cha waya mnene tu, kwa hiyo utakuwa umepiga shoti kwa mkono wako.

Ongeza rezista za omu 220, 1,000 na 10,000, kapasita kadhaa za nanofaradi 100 zenye alama 104, moja ya mikrofaradi 470 ya volti 16, taa za LED mbili tatu, kijiti kikavu cha mbao, brashi laini, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya duka la dawa ina maji mengi, na nyingine hutiwa mafuta yanayobaki kwenye chuma. Isome chupa kabla hujainunua.

Kwa nyaya, hakuna kinachoshinda kebo ya mtandao ya Cat5 ya aina ya waya mmoja mgumu. Kipande cha urefu wa mita moja kina nyaya nane za rangi tofauti, za kipenyo cha karibu nusu milimita, na zinakaa vizuri kwenye bredibodi. Ile ya nyuzi nyuzi haifai, kwa kuwa nyuzi zake hujikunja ndani ya tundu na kugusa jirani.

Hatua ya 1: Zima, tazama, piga picha

Chomoa USB na chaja. Kama rilei imeunganishwa na pampu, chomoa plagi ya pampu ukutani, usitegemee swichi. Umeme wa volti 240 haupaswi kupita kwenye bredibodi hata kwa dakika moja: vibanio vyake viko milimita 2.54 tu kutoka kimoja hadi kingine, na plastiki hiyo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Piga picha kutoka juu na kutoka pande mbili, kisha zikuze kwenye simu. Kamera huonyesha kile ambacho jicho limeshazoea kukiruka: waya ulioingia safu ya 17 badala ya 18, mguu wa rezista ulioinama ukagusa wa jirani, moduli iliyoingizwa nyuma mbele. Fuata kila waya kwa kidole, toka mwanzo hadi mwisho, ukisoma maandishi ya pini kwa sauti. Soma yaliyochapishwa kwenye moduli yenyewe, usisome mchoro wa mtandaoni, kwa sababu moduli mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na mpangilio tofauti wa VCC (chanya), GND (hasi) na pini ya ishara.

Mtego wa kuangalia hapa ni reli za umeme za pembeni. Kwenye bredibodi nyingi za matundu 830, reli zimekatika katikati, na dalili pekee ni mstari mwekundu au wa buluu kuwa na pengo. Nusu ya juu ina umeme, nusu ya chini haina kitu. Weka jampa fupi kuunganisha nusu hizo mbili, juu na chini, na uziache humo daima.

Hatua ya 2: Tafuta shoti kabla ya kuwasha tena

Saketi ikiwa imezimwa, weka mita kwenye mlio, gusa reli ya chanya na ya hasi. Mlio mfupi unaokatika ni kapasita inayojaa, hauna neno. Mlio usiokoma ni shoti. Ukiupata, chomoa waya wa chanya wa moduli moja baada ya nyingine, ukipima kila mara. Mlio utakaponyamaza, uliyoichomoa mwisho ndiyo yenye kosa. Ukichomoa zote, pamoja na Uno, na bado unalia, shoti iko kwenye bredibodi yenyewe: mara nyingi ni kipande cha mguu wa rezista kilichokatikia ndani ya tundu.

Hatua ya 3: Fuata volti hadi kwenye miguu ya kifaa

Hii ndiyo hatua inayotatua saketi nyingi kuliko zote zilizobaki, kwa hiyo usiiharakishe. Washa. Mita iwe volti 20 za DC. Ncha nyeusi ishike GND ya Uno, kisha pima kwa nyekundu: pini ya 5V ya Uno, mwanzo wa reli, mwisho wa reli, na halafu mguu wa VCC wa kila moduli, chuma chenyewe, si tundu la pembeni yake.

Umeme wa USB unapaswa kuwa kati ya volti 4.75 na 5.25. Ukiona 4.4 kwenye pini ya Uno, shida iko kabla ya bredibodi: kebo nyembamba ya simu, soketi ya USB iliyolegea, au chaja dhaifu. Badilisha kebo kwanza. Ukiona 5.0 kwenye Uno na 4.3 kwenye moduli, umeme unapotelea njiani.

Sasa fanya kipimo ambacho wengi hawakijui. Mlio wa mita hukudanganya, kwa sababu hulia hata pale ambapo kuna omu kadhaa za kutu. Badala yake, saketi ikiwa inafanya kazi na rilei imevuta, weka mita kwenye 2000m, yaani milivolti. Ncha nyekundu iguse pini ya 5V ya Uno, nyeusi iguse mguu wa VCC wa moduli. Unachokisoma ni volti zinazopotea kwenye nyaya na miguso yote iliyo kati ya hapo. Kisha rudia upande wa hasi, kutoka GND ya moduli hadi GND ya Uno.

Hesabu ni rahisi. Skrini, sensa na rilei kwa pamoja huvuta zaidi ya miliampia 100. Mguso mzuri na jampa nzuri havifiki omu moja hata kwa mbali, kwa hiyo utaona milivolti kumi, ishirini, pengine arobaini. Zaidi ya 100, tafuta. Kutu ya omu 3 tu inakula milivolti 300, na mlio wa mita ungekuambia waya huo ni mzima. Sogeza ncha hatua kwa hatua, jampa moja, kibanio kimoja, hadi uone ni wapi namba inapopanda ghafla.

Upande wa hasi usidharauliwe. GND ikiwa mbovu, kila moduli ina sifuri yake, na ishara kati yao hazielewani hata kama chanya ni safi kabisa.

Ukishamkuta mgonjwa, hamisha waya huo kwenye safu nyingine. Volti zikirudi, kibanio cha safu ile kimelegea: kitie alama kwa kalamu isiyofutika na usikitumie tena. Vibanio hulegea baada ya kuingiziwa miguu minene, kama ya daiodi kubwa au ya kidhibiti volti 7805. Waya mwembamba ukifuata hapo hushikwa kidogo au haushikwi kabisa. Volti zisiporudi, jampa ndiyo mbovu. Itupe. Kuirudisha kwenye fungu ni kujiwekea tatizo la wiki ijayo.

Hatua ya 4: Uno peke yake

Vua kila kitu. Uno ibaki na kebo ya USB tu. Pakia mfano wa Blink, ule wa kuwasha na kuzima taa unaokuja na programu ya Arduino. Taa ndogo yenye herufi L ikiwaka sekunde moja na kuzima sekunde moja, bodi ni nzima na kompyuta inaongea nayo.

Programu ikikataa kupanda na ukaona maneno not in sync, angalia mambo haya kwa mpangilio. Je, kompyuta inaiona bodi kabisa? Kebo nyingi za simu zina nyaya mbili za kuchajia tu, hazina za data. Je, bodi ina chipu ya USB ya CH340? Bodi nyingi za bei nafuu zinayo, na baadhi ya kompyuta zinahitaji programu yake isakinishwe kwanza. Je, umechagua porti na aina ya bodi sawasawa? Na kama hukuvua kila kitu kama tulivyosema, je, kuna waya kwenye pini 0 au 1? Pini hizo ndizo njia ya USB; chochote kilichochomekwa hapo kinaweza kuzuia programu isipande.

Bado ikikataa, unganisha RESET na GND, halafu unganisha pini 0 na 1 kwa jampa moja. Fungua dirisha la Serial Monitor, andika herufi, tuma. Zikirudi, chipu ya USB ni nzima na tatizo liko kwenye ATmega328P (chipu kuu ya bodi) au programu yake ya kuanzia. Zisiporudi, tatizo liko kwenye kebo, porti, au chipu ya USB.

Hatua ya 5: Rudisha kimoja kimoja

Ongeza kifaa kimoja, pakia mfano mfupi wa kifaa hicho pekee, hakikisha, ndipo uende kingine. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja na uliandike. Ukibadilisha mawili na saketi ikapona, hujui ni lipi lililoiponya, na kesho likirudi utaanza upya.

*Skrini.* Isipoonyesha kitu, zungusha kwa bisibisi kile kirekebishi cha buluu nyuma yake. Mara nyingi maandishi yapo ila ni hafifu mno. Ukiona mstari wa juu una visanduku vilivyojaa na wa chini mtupu, skrini ina umeme lakini haijapokea amri. Anwani yake ni 0x27 kwa chipu ya PCF8574 au 0x3F kwa PCF8574A. Pakia programu ya kutafuta anwani za I2C ikuambie. Isipoona kitu, SDA iende A4 na SCL iende A5. Kwa mita, pini zote mbili zikiwa zimetulia zinapaswa kusoma karibu na volti 5. Ikisoma sifuri, waya umegusa GND au moduli imeganda. Programu nzima inaweza kusimama hapo, ukidhani kosa ni la programu.

*HC-SR04.* Sifuri isiyobadilika maana yake ni kwamba mwangwi haujarudi: TRIG (pini ya kuamrisha sauti) na ECHO (ya kurudisha jibu) zimebadilishana, au VCC haifiki volti 5. Kawaida amri ya pulseIn, inayopima muda wa mwangwi, husubiri sekunde nzima kabla ya kurudisha sifuri, kwa hiyo saketi yote huonekana kama imelala. Ipe kikomo cha mikrosekunde 30,000. Vipimo vikiruka ruka tangini, sogeza sensa mbali na ukuta wa tangi na uangalie kama mvuke umeganda kwenye macho yake. Kwa kazi ya kudumu tangini tunashauri JSN-SR04T isiyopitisha maji, ila hiyo haioni kitu kilicho karibu kuliko takriban sentimita 20 hadi 25, basi ifunge juu kiasi hicho kutoka usawa wa tangi lililojaa. Na kama kipimo chako kimekosea kwa sentimita mbili katika 150, si hitilafu. Kugawanya mikrosekunde za mwangwi kwa 58 ili kupata sentimita ni kwa hewa ya nyuzi 20. Kwa nyuzi 30 za hapa sauti inakwenda haraka zaidi, gawanya kwa 57.2.

*Kitufe.* Kina miguu minne lakini ni pande mbili tu, na kikigeuzwa robo mzunguko huwa kimebonyezwa daima. Tumia miguu miwili ya pembe zinazokabiliana. Hapo huwezi kukosea. Washa INPUT_PULLUP (rezista ya ndani inayovuta pini kwenda volti 5) kwenye programu na upande wa pili upeleke GND.

*LED.* Ina upande. Mguu mrefu ni chanya. Rezista ya omu 220 kwa volti 5 huipa LED nyekundu miliampia 13 au 14, kiwango salama. Bila rezista unaiumiza LED pamoja na pini.

*Rilei.* Hapa ndipo panapochoma wengi. Koili ya rilei ndogo ya buluu ya volti 5 ina omu 70 hivi, yaani inavuta miliampia 71, wakati pini ya Uno haifai kubebeshwa zaidi ya 20, na 40 ndiyo mpaka wa mwisho. Moduli kamili ina transista yake, kwa hiyo pini inaendesha transista tu. Ukijenga yako, tumia BC547 na rezista ya omu 1,000 kwenye besi, na daiodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake ukielekea volti 5. Bila daiodi, koili ikizimwa hurusha volti nyingi kinyume na kuua transista, au kuanzisha bodi upya. Tahadhari na miguu: BC547 uso bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini ni kolekta, besi, emita kutoka kushoto. PN2222A ni emita, besi, kolekta. P2N2222A, ambayo ni herufi moja tu tofauti, ni kama BC547. Soma maandishi yote.

Moduli nyingi za rilei huvuta pini ikiwa LOW (volti 0), si HIGH (volti 5). Pampu ikijiwasha kila ukiwasha bodi, andika HIGH kwenye pini kwanza, ndipo uitangaze kuwa ya kutoa.

Rilei ikivuta na skrini ikaandika vioja, ipe rilei chaja yake ya volti 5, ukiunganisha GND za pande zote mbili, na uweke kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na moduli, mstari wenye alama ya kutoa ukiwa upande wa hasi. Kila chipu nayo ipate 104 moja kati ya VCC na GND, miguu iwe mifupi. Kama bodi ni nzima pampu ikiwa imechomolewa lakini hujianzisha upya ikichomekwa, mota ndiyo inayorusha kelele. Hiyo, na pia rilei ambayo taa yake imezima lakini pampu inaendelea, yaani ncha zake zimeshikana kwa moto wa kuwashia mota, ni kazi ya kontakta (rilei kubwa ya mota) na fundi wa stima mwenye leseni.

Hitilafu inayokuja na kuondoka

Kama saketi inapona ukiigusa, usishangilie, ichunguze. Chukua kijiti kikavu cha mbao, sukuma kila waya na kila kifaa kidogo kidogo ukitazama skrini. Ikibadilika kwa kijiti, kuna mguso uliolegea pale pale. Ikibadilika kwa kidole tu na si kwa kijiti, kuna pini ya kuingizia isiyoshikwa na kitu: mwili wako unaokota mawimbi ya stima ya hezi 50 na kuipelekea. Pini hiyo ipewe rezista ya omu 10,000 kwenda volti 5 au GND.

Ikigoma tu friji au pampu ya jirani ikiwaka, ondoa chaja, tumia powerbank. Ikitulia, chaja yako haivumilii stima inayoshuka. Fahamu tu kwamba powerbank nyingi huzima zenyewe zikivutwa mkondo mdogo, usije ukaliita hilo hitilafu mpya.

Ukiwa na ESP32

ESP32 ni bodi nyingine, yenye Wi-Fi. Pini zake ni za volti 3.3 na hazivumilii 5. ECHO ya HC-SR04 ipite kwanza rezista ya omu 1,000, na kutoka kwenye pini kwenda GND iwekwe ya omu 2,000, ili volti 5 ziwe 3.3. Ukisoma Brownout detector was triggered, umeme umeshuka Wi-Fi ilipowaka. Rudi hatua ya 3, kebo kwanza. Pini 6 hadi 11 ni za kumbukumbu yake, usiziguse. Za 34 hadi 39 huingiza tu na hazina rezista za ndani. Pini 12 ikivutwa juu wakati wa kuwasha, bodi nyingi hazianzi kabisa. Na vipimo vya analogi kwenye pini za ADC2 (kundi la pili la kupimia analogi) havisomeki Wi-Fi ikiwa inafanya kazi. Hamia ADC1, pini 32 hadi 39.

Kuitunza bredibodi kwa hewa ya hapa

Baada ya kazi, ifungie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usiiache dirishani upepo wa bahari ukiipiga. Kila baada ya miezi michache ipige brashi yenye alkoholi ya isopropili, iinamishe matundu yakiangalia chini, iache ikauke kabisa kabla ya umeme. Miguu iliyofifia ya rezista isugue kwa kifutio cha penseli kabla ya kuiingiza.

Saketi ya tangi isibaki kwenye bredibodi. Ikishafanya kazi siku tatu mfululizo bila kuguswa, ilehemu kwenye ubao wenye matundu ya shaba, ipake vanishi ya saketi pande zote isipokuwa soketi na macho ya sensa, kisha ifunge kwenye kisanduku chenye tundu la waya upande wa chini, ili maji ya mvua ya masika yasifuate kebo hadi ndani.